Mashua ya Kaunti na Maharagwe ya Phelista

Asiyeniamini aje Katikati amtazame Hesbon kwa macho yake, mradi mto umwachie njia. Katikati ni kijiji chetu huku Tongaren, na jina lilitokana na mito miwili inayotubana. Kiangazi tunavuka kwa miguu, maji hayamfiki kuku magotini. Mvua kubwa ikianza kule Mlima Elgon, mito inavimba, inashikana mikono nyuma yetu, na sisi tunakuwa kisiwa. Zahanati inabaki ng'ambo, soko linabaki ng'ambo, hata pasta anabaki ng'ambo, na hapo ndipo watu wanatenda dhambi kwa utulivu.

Kwa hiyo kaunti ikatuletea mashua. Ilikuja juu ya lori, ya plastiki nyeupe, ndefu kuliko kanisa letu. Wakubwa wakahutubia mpaka mbuzi akachinjwa, akaiva, akaliwa na akasahaulika. Kisha wakatafuta nahodha. Akajitokeza Hesbon. Ni mzaliwa wa Kabuchai, kwenye miwa, na maji mengi aliyokuwa ameyaona maishani ni ya josho la ng'ombe. Alipoulizwa kama anajua kuogelea, akajibu kwamba hajawahi kuzama. Wakaona hilo ni jibu la mtu mwenye uzoefu. Wakamwandika kazi. Kesho yake alienda Kitale, akazunguka kwa mitumba, akarudi na kofia ya bendi yenye kamba za dhahabu, na kuanzia siku hiyo hata mke wake alimwita Nahodha.

Na kazi aliifanya, sitamnyima haki yake. Mvua zikija alivusha wajawazito, magunia ya mahindi, jeneza, mpaka fahali mmoja wa kulipia mahari ambaye alitapika njia nzima. Mshahara ulikuwa umemjengea nyumba ya matofali mpaka usawa wa dirisha. Kazi ikikatika hapo, angekaa na kuta bila paa mpaka wajukuu wamcheke.

Taabu ilianza kiangazi kilipozidi urefu. Mashua ikakaa ukingoni kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Phelista, mke wa Hesbon, akaitazama, akaona ni sinia kubwa ambalo serikali imemletea la kuanikia maharagwe. Akaanika. Yakakauka vizuri sana. Lakini jioni kikanyesha kimvua kidogo, mashua ikajaa kama sufuria, na asubuhi maharagwe yakawa yameota. Phelista akanuna. Hesbon hawezi kukaa na Phelista aliyenuna, hakuna anayeweza. Akachukua msumari, akautia motoni mpaka ukawa mwekundu, akatoboa mashua chini, mistari kwa mistari, kama chujio la chai.

Mimi nilimuuliza kama ana hakika. Akanieleza taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto, kwamba mashua mbaya ni ile yenye maji ndani. Sasa hii yake maji yakiingia yanatoka. Nikatafuta kosa katika maneno hayo, sikulipata. Maharagwe ya mwaka huo yalikauka mpaka ukiyatikisa jirani anafikiri ni kayamba.

Halafu mvua ikarudi kwa fujo, mito ikakutana, na simu ikaja kutoka Bungoma. Kaunti inabana matumizi. Kila kitu cha kaunti kisichofanya kazi kitapigwa mnada, na aliyeajiriwa nacho aende nyumbani. Kesho anakuja Madam Fridah wa ofisi ya fedha kupanda mashua mwenyewe aone kama inavuka.

Hesbon akasukuma mashua majini kwa furaha. Dakika ile ile akaja kwangu mbio, amelowa mpaka kiunoni.

"Kukhu," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, maana kukhu kwetu ni nyanya, na mtu huita nyanya akishindwa na dunia. "Mimi nimekwisha. Hii maji inajua kuingia tu. Haijui kutoka."

Nikamwambia anyamaze aniletee kuni. Ugali wangu wa wimbi na muhogo unajulikana. Kuna mwaka ukuta wa kanisa ulipasuka, nikauziba na kipande kilichobaki cha jana, na mpaka leo pasta anauegemea akihubiri. Nikausonga mkubwa, tukaziba tundu moja moja na kupiga kwa kiganja. Asubuhi mimi na Hesbon tukavuka kumchukua Madam, na hata tone moja halikuingia.

Ila Madam alichelewa. Barabara ya Bungoma ilikuwa matope, akafika mchana, viatu vya kisigino mkononi. Muda wote huo ugali ulikuwa ndani ya maji, ukilainika, na samaki wakiitana.

Tukiwa katikati ya mto nikasikia *tup*. Kisha *tup* nyingine. Samaki walikuwa chini yetu wanakula, na nadhani kuna waliotoka mpaka Malakisi, maana Mto Malakisi si mbali kwa samaki mwenye njaa. Madam Fridah akainua mguu mmoja, kisha wa pili.

"Captain, hii maji inatoka wapi?"

"Inatoka mto, madam."

"Najua inatoka mto. Inaingia huku kwa nini?"

Hesbon akasema hilo ni swali zuri. Kisha akamwomba kwa heshima achote maji na kiatu, kwa sababu kile cha kisigino kinashikika vizuri. Madam akachota. Mimi nikakalia matundu ya nyuma. Mungu alinipa makalio mapana na miaka yote sikujua ni ya nini. Hesbon akapiga kasia huku akiimba wimbo wa mazishi, ndio wimbo pekee uliomjia. Tulipokaribia ukingo wetu maji yalikuwa sawa na kingo za mashua, na samaki waliofuata ugali wakawa wanaogelea juu ya mapaja yetu kama abiria.

Watu wakatuvuta nchi kavu. Mashua ikaanza kumwaga maji kwa mistari, kama ng'ombe mwenye chuchu mia, na ilipomaliza ikabaki na samaki wanarukaruka, na matundu yote wazi mbele ya ofisi ya fedha. Madam akainama kuyatazama.

"Nani alitoboa hii mashua ya serikali?"

"Ni mimi, madam. Ilikuwa ya maharagwe."

Madam akasema basi ni wazi, mashua imekufa na itauzwa kama chuma chakavu, ingawa haikuwa chuma. Hesbon akavua kofia. Ndipo Madam akageuka atazame njia ya kurudi, akaona mto. Akauliza njia ya Kitale. Tukamwambia huko nyuma kuna mto mwingine, na huo una hasira zaidi. Akapiga simu ofisini atumiwe usafiri. Alisikiliza, akasikiliza, kisha akarudisha simu kwa mkoba polepole. Alikuwa ameambiwa kaunti inabana matumizi.

Akakaa juu ya gunia. Baada ya muda akamwita Hesbon, na safari hii alisema "baba".

"Baba, hii kitu inaweza kutengenezeka?"

Kwetu beseni likipasuka tunayeyusha plastiki kwa kisu cha moto tunapaka. Plastiki nene nyingine kijijini ilikuwa moja tu: beseni kubwa la Phelista la kufulia nguo, jekundu, la harusi yake. Phelista alilikumbatia. Ilibidi wanawake wanne tumsemeshe, na mimi niliyevuta sana nilipata ukucha mkononi. Hesbon akalikata, akayeyusha, akapaka juu na chini mpaka mashua ikawa na madoa kama chui. Jua likiwa bado juu akamvusha Madam Fridah, peku, na samaki wake wamefungwa kwa jani la mgomba. Halikuingia tone.

Ng'ambo, Madam akamwambia kwamba mashua mpya ni ghali kuliko beseni, kwa hivyo mashua inabaki, na Hesbon anabaki na kazi. Ila kaunti haitalipa beseni.

Hesbon alirudi akiimba, na safari hii si wimbo wa mazishi. Akamkuta Phelista mlangoni, nguo za nyumba nzima zimerundikwa chini.

"Karibu, Nahodha," Phelista akamwambia. "Mto ndio ule. Sabuni ndiyo hii."