Sifa za Mzee Mwanjala

Usiku ule wa kuamkia Ijumaa nilipitiwa na usingizi nikiwa na amani kabisa, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Mchana wake nilikuwa nimekaa na mkurugenzi wetu, akaniuliza nani ashike nafasi yangu ya mhasibu mkuu, maana mimi nilikuwa napandishwa kuwa mkurugenzi wa fedha, mwanamke wa kwanza katika kampuni yetu pale Morogoro. Sote wawili tulijua anayefaa ni Neema, msaidizi wangu. Lakini Neema alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikasema, "Bado kidogo. Ajifungue kwanza." Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akasema basi kesho barua itatoka kwa jina la mwenzake, Gaudensi.

Usingizini nikajiona niko kwenye korido ya ofisi, natembea bila viatu, sakafu imetoka kupigwa deki. Mlango wangu uko wazi. Ndani amekaa Mzee Mwanjala.

Mzee Mwanjala ndiye aliyekuwa mhasibu mkuu nilipoajiriwa. Alinifundisha kazi kwa upole, kama baba, na tulipomzika miaka minne iliyopita nililia kuliko baadhi ya ndugu zake. Amevaa ile suti ya kijivu tuliyomzika nayo.

"Shikamoo, mzee."

Alivuta kiti kingine, akakipangusa kwa kiganja, akanionyesha nikae kando yake.

"Umenifurahisha sana," akasema.

Nilitaka kumuuliza kwa lipi, lakini ofisi si ofisi tena. Ni wodi ya wazazi, inanuka dawa na maziwa. Mimi ndiye niliyelala kitandani, bado msichana, Baraka wangu wa siku mbili yuko kifuani, na Mzee Mwanjala amesimama miguuni pa kitanda ameshika chupa ya uji.

Hilo lilitokea kweli. Alikuja kunipa hongera, na mkewe ndiye aliyeupika ule uji. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameniita ofisini kunieleza kwa nini hakupeleka jina langu kwenye nafasi ya msaidizi wake. "Jifungue kwanza, mwanangu," aliniambia. "Kiti kina miguu minne lakini hakiendi popote." Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilimkuta Chuwa, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kazi, amekikalia. Ilinichukua miaka tisa kufika mahali ambapo nilikuwa nimeshafika.

Sasa natazama kitandani, na aliyelala si mimi. Ni Neema. Ananiangalia, haniulizi kitu. Mimi nimesimama miguuni pake, na chupa ya uji iko mikononi mwangu. Mzee Mwanjala yuko ubavuni, ameniwekea mkono begani, mkono mwepesi usio na joto wala baridi.

"Walisema ukishika nafasi yangu utabadilisha kila kitu," ananinong'oneza. "Hujabadilisha hata kimoja."

Anasema kwa fahari, kama mzazi siku ya mahafali. Katika maisha yake yote sikuwahi kumjibu neno. Nageuka, namtazama usoni.

"Mzee, ulinionea."

Hakasiriki. Anakaa ukingoni mwa kitanda taratibu, kama mtu aliyechoka safari.

"Najua," anasema. "Hata siku ile nilijua. Nilipokuona jana unafanya vilevile, nilidhani umeshanisamehe."

"Wewe nimekusamehe. Lile jambo sijalisamehe."

"Basi lirekebishe wewe, mwanangu. Mimi siandiki tena."

Nikashtuka. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, amenishika mkono.

"Mama Baraka, unaongea na nani?"

"Na Mzee Mwanjala. Kanisifu."

"Mbona unalia, sasa?"

Nilienda kunawa uso, nikakaa jikoni hadi kulipopambazuka, nikampigia simu mkurugenzi. Nilimwomba radhi kwa kumpigia alfajiri, nikamwambia naondoa neno langu la jana, anayestahili ni Neema.

"Mama, tulishamaliza hili," alisema. "Na likizo yake ya uzazi je?"

"Nitafanya kazi zake pamoja na zangu mpaka arudi."

"Utaweza?"

"Nitaweza. Na kama barua ya Neema haitoki, basi na yangu ya kupandishwa isitoke."

Sikuwa nimeyapanga maneno hayo. Yalipotoka nikajua sitayarudisha. Nikasikia upande wa pili kijiko kikikoroga chai.

"Mama, umelala vizuri kweli?"

"Nimelala vibaya sana," nikamwambia. "Andika jina la Neema."