Maneno ya Kichawi Niliyoyatunga

Kwa karibu miaka miwili kazi yangu ilikuwa kutunga maneno ya kichawi. Hadi leo nikiikumbuka nasikia mate yakijaa mdomoni, kama mtu anayetaka kutapika.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale mjini Mwanza. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita bosi, alikuwa akichapa kadi za harusi na vitabu vya stakabadhi. Ilipofika miaka ile ya tisini, watu binafsi wakaruhusiwa kuwa na magazeti yao, naye akaona asibaki nyuma. Akaanzisha gazeti la kurasa nne, linalotoka kila wiki. Siasa aliiogopa. Mpira aliwaachia watu wa Dar es Salaam. Akaona kinachobaki ni hadithi za uchawi.

Mwandishi wake wa kwanza alikuwa karani mstaafu, mzee mlevi. Siku moja aliondoka na hakurudi, akaacha hadithi katikati. Bosi alikuwa ameshaona kwamba nikichapa kazi za yule mzee nilikuwa nazinyoosha, basi akaniita.

"Dada, wewe umesoma mpaka kidato cha nne. Malizia."

Hadithi ilihusu mchawi aliyeishi pangoni, chini ya mawe makubwa ya ufukweni, na wanafunzi wake watatu. Kila wiki mwanafunzi mmoja alifundishwa neno jipya, na chini ya ukurasa tuliweka kisanduku chenye kichwa cha herufi nene: NENO LA WIKI NA KAZI YAKE. Watu walinunua gazeti kwa ajili ya kisanduku hicho. Wengine hata hadithi yenyewe hawakuisoma.

Mimi sikujua uchawi wowote. Nimezaliwa Ukerewe kwa mwalimu wa dini, na nyumbani hata kulitaja jambo hilo kulikatazwa. Kwa hiyo nilipotakiwa kuleta neno la kwanza nilikaa mbele ya mashine nikiwa sina hata wazo. Juu ya meza kulikuwa na kopo la kahawa. Nikalisoma neno kahawa kuanzia mwisho: awahak. Nikaandika kwamba neno hilo linawalaza walinzi wa ng'ombe. Wiki iliyofuata nikageuza mafuta, nikapata atufam, neno la kugandisha ulimi wa shahidi mahakamani. Nilicheka peke yangu. Maduka yalikuwa yamefurika vitu ambavyo utotoni tulivipangia foleni, nami nilikuwa naviokota rafuni kimoja kimoja na kuvigeuza.

Bosi hakucheka. Alikuwa na tabia ya kusoma kazi zangu huku akila mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa, yakakaangwa na kuuzwa barabarani. Alivunja kichwa cha samaki kwa vidole, akafyonza jicho, akatema kile kipira cheupe kwenye kiganja, kisha kwa kiganja hicho hicho akafungua karatasi yangu.

"Hili linafanya nini?"

"Linalaza walinzi, bosi."

"Usingizi tu? Nani atanunua gazeti la usingizi? Ongeza uchafu."

Nikaongeza uchafu. Nikaandika kwamba ili neno lifanye kazi, msemaji alambe kwanza kwato za ng'ombe aliyekufa. Wiki nyingine nikaweka maji ya kuoshea maiti. Nyingine nikaweka kucha za mgonjwa, zikitafunwa pamoja na muhogo. Nilikuwa nayachapa mambo hayo asubuhi, halafu mchana chakula kinanishinda. Bosi alisoma, akalamba vidole, akasema, "Sasa ndiyo unaandika."

Barua zikaanza kuja. Mwanzoni nilizifungua kwa hamu, nikidhani ni za sifa. Hapana. Mwanamume wa Sengerema alitaka neno la kumfanya jirani yake anuke mdomo mbele ya wazee wa kanisa. Mvuvi mmoja alitaka la kuozesha nyavu za ndugu yake wa tumbo moja. Na moja ilitoka kwa mwanamke mwenye mwandiko mzuri sana, mwandiko wa ualimu, kila herufi imesimama sawasawa. Aliuliza kama lipo neno la kuvimbisha tumbo la mtoto mchanga wa mke mwenzake, "taratibu, isijulikane."

Niliishika ile barua kwa ncha za vidole, nikaenda kuitupa chooni. Nikanawa mikono mara mbili.

Lakini wiki ileile wazo la hadithi liliniishia. Bosi alikuwa mlangoni anasubiri, na mimi nikaandika lile tumbo la mtoto. Nililitafutia sabuni na sukari, nikazigeuza zote mbili: inubas irakus. Kazi yake: kuvimbisha tumbo la mtoto wa adui. Nani aliniambia niandike? Hakuna. Ilikuwa kama barua niliyoitupa chooni nimeitoa tena kwa mkono wangu mwenyewe, nikaichapa nakala mia kadhaa.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Igoma, kwa bibi mmoja wa Kisukuma. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu kama mti wa uzio, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote aliyobanika samaki. Alifuga kuku na mbuzi mmoja jike. Kusoma hakujua. Kila Jumapili mchana, baada ya ibada, alinikalisha kwenye kigoda na kusema, "Haya mwanangu, nisomee habari za mjinga wako." Mjinga wangu alikuwa yule mchawi.

Nikamsomea. Akacheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Ana nguvu zote hizo," alisema, "na bado analala pangoni kwenye unyevu? Si ajitengenezee nyumba ya bati?"

Yeye peke yake, kati ya wasomaji wetu wote, ndiye aliyeielewa hadithi ile kuwa hadithi. Maneno alikuwa anayashika kwa kichwa. Aliyapenda kwa sauti yake tu. Kuku wakiingia jikoni aliwafukuza kwa fagio huku akisema, "Awahak! Awahak! Tokeni!" Na lile la wiki ile lilimpendeza kuliko yote. Alilisema akikamua mbuzi, akitwanga, akifua. Inubas irakus, inubas irakus, kama wimbo wa kazi.

Nilimsikia, nikatabasamu. Sikumwambia neno hilo lilitoka wapi.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya uzio wa minyaa, aliishi mama mmoja mwenye binti wa miaka minne. Mtoto alikuwa anapenda kuja kumwona mbuzi. Haikupita miezi miwili tumbo la mtoto likaanza kujaa. Likawa gumu, linang'aa, kitovu kimetokeza nje, miguu imekuwa vijiti. Mama yake alimpeleka kwa mganga, akarudi naye vilevile.

Jumamosi moja asubuhi mama huyo alikuja uani kwetu. Bibi alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Hakujibiwa. Yule mama alikuwa na kipande cha gazeti kilichokatwa kwa wembe, kimekunjwakunjwa mpaka kimechakaa. Kilikuwa kisanduku changu.

"Nimekusikia kwa masikio yangu," alimwambia bibi. "Kila siku. Mtoto wangu amesimama hapo hapo kwenye mbuzi wako, na wewe unasema."

"Nimesema nini, mama?"

Yule mama hakuthubutu kulitamka. Alilionyesha kwa kidole kwenye karatasi. Bibi akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Hakujua kusoma, lakini alielewa.

Siku iliyofuata mchana balozi wa nyumba kumi aliitisha mkutano kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Watu walijaa kuliko siku za kampeni. Bibi aliwekwa katikati, kwenye gunia la pumba. Vijana wanne walisimama nyuma yake na fimbo. Katika ukanda ule macho mekundu yalihesabiwa alama ya mchawi, na kila mtu alijua kinachoweza kumpata mwanamke mzee mwenye macho hayo, ingawa hakuna aliyekitamka.

Balozi alikuwa mtu mpole, fundi baiskeli. Akauliza, "Bibi, maneno haya ulifundishwa na nani?"

Bibi aliishika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili. Hakunitaja. Hilo ndilo lililoniinua.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia balozi. "Maneno hayo ni yangu. Nimeyatunga mimi, kazini. Hayana maana yoyote. Bibi ameyasikia kwangu, nilikuwa namsomea."

Minong'ono ikapita. Nikaomba chaki ya mwenye mashine, ile anayoandikia magunia, nikaandika kwenye ukuta wa bati: SABUNI. SUKARI. Kisha chini yake nikayaandika kinyume, herufi moja moja, nikiyatamka kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mmeona? Ni sabuni na sukari tu. Nimeyageuza."

Nilitegemea watacheka. Nilitegemea hasa kwamba yule mama atacheka, au atalia, mambo yaishe. Badala yake mzee mmoja wa mbele akatema mate chini.

"Si ndivyo wanavyofanya?" alisema. "Mchawi huenda kinyumenyume. Huingia kwa mgongo. Hucheza akiwa amewapa watu kisogo. Huyu binti ametuonyesha kwa mkono wake namna wanavyoyatengeneza."

Watu wakaitikia. Wa nyuma wakazidi kurudi nyuma ili wasiyaone yale maandishi ya chaki, wengine wakawafunika watoto macho. Nilimwona mwanamke mmoja, muuza maandazi ambaye nilikuwa nikinunua kwake kila asubuhi, ananiangalia kama mtu aliyekanyaga kitu barabarani na anatafuta pa kufutia kiatu.

Balozi ndiye aliyetuokoa. Alisema yeye hawezi kuhukumu mpaka mtoto apimwe, akatoa baiskeli yake mwenyewe mama ampeleke zahanati palepale. Watu walitawanyika kwa shingo upande. Nilipokuwa namshika bibi mkono kumwinua, mwanamume mmoja aliyevaa vizuri, mwenye kalamu mfukoni, aliniinamia sikioni.

"Dada," alininong'oneza, "hilo la gazetini najua ni la kudanganyia watu. Wewe unalo lile la kweli. Nikuone lini?"

Pumzi yake ilinuka karafuu. Nilitapika. Nilitapika palepale kwenye pumba, mbele yake, na hiyo nayo watu waliihesabu kuwa dalili.

Zahanati walimpa mtoto dawa ya minyoo. Alitoa minyoo mingi sana, mirefu, hai, na kwa siku kadhaa mtaa mzima haukuwa na mazungumzo mengine. Tumbo likapungua. Nilidhani sasa itakuwa mwisho wa maneno. Lakini walisema ile minyoo ndiyo uchawi wenyewe, umetolewa kwa nguvu za hospitali, na aliyeupeleka bado yupo.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta mlango wa bibi umepakwa matumbo ya samaki. Yalikuwa ya siku mbili au tatu. Inzi walikuwa wameufunika mlango mpaka ukawa mweusi, na uoza ulikuwa unadondoka polepole kwenye kizingiti. Bibi alichota jivu na maji akaanza kusugua. Nikamwambia aniachie. Hakuniachia. Tulisugua wawili, yeye upande wake na mimi upande wangu, na magamba yakatuganda mikononi.

"Nisamehe, bibi," nilisema.

"Sugua pale chini," alijibu.

Binti yake alikuja kutoka Misungwi, akamchukua yeye na mbuzi. Kuku tulitaka kuwagawa, lakini majirani hawakuwapokea.

Mimi nilikwenda kazini kumweleza bosi kila kitu. Nilitaka aache kile kisanduku. Alinisikiliza mpaka mwisho, hajala kitu safari hii, macho yanang'aa.

"Na walisema kweli kwamba ni uchawi? Mbele ya balozi?"

"Ndiyo, bosi. Karibu wamuue."

Akapiga meza. "Basi hiyo ndiyo hadithi ya ukurasa wa kwanza! Kaa uandike kabla haijapoa. Anza na ile minyoo."

Niliacha funguo za ofisi juu ya meza. Wiki iliyofuata aliitoa mwenyewe, kwa Kiswahili kibovu, na minyoo ikiwa imeongezwa urefu. Kisanduku kiliendelea. Alipata kijana mwingine wa kukijaza, na nilivyosikia huyo hakugeuza vitu vya dukani. Aliwauliza waganga.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi kwenye chuo cha ualimu cha Butimba. Nilipomaliza nilikwenda Misungwi. Binti wa bibi alinipokea mlangoni, akaniambia kabla sijakaa, "Usimsomee chochote."

"Sikuja na karatasi," nilisema.

Bibi alikuwa uani anachambua mtama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kigoda. Macho yalikuwa yamefifia, lakini hayakuwa mekundu tena, maana huko hakuna samaki wa kubanika. Aliniuliza habari za safari, za mvua, za nyumba yake. Nikamwambia imenunuliwa na fundi wa madirisha.

"Na yule mtoto?"

"Ameanza shule, bibi."

"Vizuri." Akapeta mtama, akapuliza pumba. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Lile wazo la tumbo la mtoto, ulilitoa wapi?"

Nikamweleza. Barua, chooni, mwandiko wa ualimu, yote. Hajawahi mtu mwingine kuyasikia hayo kutoka kwangu. Mikono yake iliacha kuchambua. Uso wake ulijikunja kidogo puani, kama mtu aliyefunua chungu cha mboga iliyochacha, kisha ukatulia.

"Na ukanisomea mimi nicheke," alisema.

Binti alileta uji. Bibi aliusukuma wangu karibu nami, akaendelea na mtama wake. Nilikunywa wote, taratibu, nikaaga wakati jua likiwa bado juu ili nipate gari la kurudi mjini.