Mbunge wa Mazishini

Shule niliishia darasa la saba, lakini hapa Irving, Texas, nina magari saba ya kupeleka wagonjwa hospitali, na hakuna mtu aliyenipa hata tairi. Kila gari lina dereva wake. Mzee mmoja tu nilimbeba mwenyewe, mara tatu kwa wiki, kutoka kwa binti yake Lewisville kwenda kusafishwa damu.

Alikuwa Mwairishi, mbunge mstaafu huko kwao. Nilitegemea anisimulie habari za mawaziri. Wapi! Alisimulia misiba. Kwao, alisema, kura hutafutwa mazishini: afe mkulima, afe muuza mikate, mbunge usimame foleni, umshike mfiwa mkono, umtaje marehemu kwa jina. Hivyo ndivyo alivyoshinda mara tano. Aliposhindwa, mkewe alikuwa anaumwa, na majira yote ya baridi hakwenda kuzika mtu.

Mwaka huo nilikuwa nagombea uenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania wa Texas nzima, dhidi ya daktari mwenye digrii tatu. Nikaubeba mzima mzima ushauri wa mzee. Hata msiba uwe Houston, mwendo wa saa nne, mimi nipo, nabeba viti, nawapa pole Wakristo kwa Waislamu. Mzee akanitania, "Daktari wako ana vyeti, mheshimiwa. Wewe una viatu vyenye udongo wa makaburini."

Siku moja, tumesimama kwenye taa, akasema bila utani, "Texas hanijui mtu. Nitazikwa na binti yangu na padri. Utakuja?"

Nikamwambia nitakuja na basi zima la watu wetu. Ndivyo nilivyo, siahidi kidogo.

Alifariki wiki moja kabla ya uchaguzi. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo, Sugar Land, pembeni ya Houston, walikuwa wanamzika mama mmoja nisiyewahi kumwona, mwenye ukoo mkubwa, wapiga kura watupu. Nikajiambia mzee angenielewa, si ndiye aliyenifundisha? Nikashika njia ya Houston.

Nilishinda, tena kwa mbali.

Baadaye nikaenda Lewisville kutoa pole. Binti yake alinipa chai, wala hakunilaumu. Nikamuuliza walikuwa wangapi.

"Wanne," akasema. "Padri alitaka kuanza, nikamwomba asubiri. Baba alikuwa amenieleza juu ya watu wako."

Walisubiri karibu saa nzima kwenye upepo. Ile chai niliinywa hadi ikaisha, kisha nikaendelea kushika kikombe kitupu, maana sikujua nisimame vipi.