Mshahara wa Masanja Kwenye Akaunti ya Baba

Siku tuliyomzika baba yangu, mwanangu, ninaikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Mvua ilikuwa imenyesha Biharamulo tangu alfajiri. Jeneza lilipowekwa mbele yetu, mimi kama mtoto mkubwa nilisimama kusema yale ambayo sisi Waislamu husema kabla ya kumswalia maiti: aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze, deni lake tutalilipa, na aliyekuwa akidaiwa naye aje tuelewane. Muuza unga mmoja akasema kuna magunia mawili hayajalipwa. Nikamshukuru. Nikangoja kidogo, nikatazama safu zote, hakuna mwingine aliyefungua kinywa. Nikamhimidi Mungu kwamba baba anaondoka mwepesi, maana tumefundishwa kuwa roho ya mtu huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe.

Upande wa barabara, kati ya wafanyabiashara waliokuja kuzika, alisimama Mzee Masanja. Alikuwa ameshika kofia mkononi na maji yanamtiririka usoni. Nilidhani anamlilia rafiki yake. Kweli alikuwa anamlilia, lakini hilo halikuwa lote.

Masanja alikuwa Msukuma aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga akiwa kijana, akalima, akafuga, kisha akaingia kwenye biashara ya nafaka. Sisi ukoo wetu ulitoka pwani zamani, babu alikuja na marobota ya vitambaa, na baba alirithi duka la kanga na vitenge pale mjini. Yeye na Masanja walikuwa watani. Masanja akimkuta baba na birika humwambia, "Ninyi watu wa pwani mliletwa huku na chai, biashara ikawafuata nyuma." Baba humjibu kwamba Msukuma hata kikombe akipewa atatafuta fimbo akipeleke malishoni. Nimewasikia wakisema hayo tangu nikiwa mtoto, na kila mara walicheka kama wanayasikia mara ya kwanza.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Masanja alikopa kwa watu wengi akanunua maharage Kirushya na Mugoma, wilaya ya Ngara, akitaraji kuyauza Kahama bei ikipanda. Ghala alilopanga lilivuja. Masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma, na walipofungua milango walikuta maharage yameota ndani ya magunia. Wadai wakaenda mahakamani. Nyumba ikauzwa, ng'ombe wakauzwa, na bado deni halikuisha, mahakama ikamtangaza kuwa mtu aliyefilisika. Benki nayo ikaifunga akaunti yake. Akaenda kwingine kuomba afunguliwe hata ndogo tu, ya kuweka na kutoa, asipewe mkopo wala hundi. Karani akamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni kwamba watu wa namna yake hawana nafasi pale.

Sasa hebu fikiri. Mtu huyu hakukaa kulia. Alipata kazi kwa mkandarasi wa barabara, akawa msimamizi wa vibarua. Mkandarasi hakulipa mkononi, alilipa kwa benki, na hakumlazimisha mtu awe na akaunti yake mwenyewe, mradi alete namba. Mshahara upo, pa kuupokelea hapana. Ndipo Masanja akaja dukani, na siku hiyo hakutania. Akamwomba baba mshahara wake upitie kwenye akaunti yake.

Baba alikubali bila kumuuliza neno. Kila mwisho wa mwezi walikwenda benki pamoja. Baba alimtolea za chakula, na nyingine aliziacha pale, kwa sababu Masanja alikuwa na nia moja tu: zikifika kiasi cha maana azipeleke mahakamani mbele ya wadai wote wagawane, ombi lake la kuondolewa ufilisi lisikilizwe. Hakutaka kumlipa mmoja kwa siri na kumwacha mwingine. Alitaka jina lake lisafishwe mchana, mbele ya watu wale wale waliolichafua.

Hawakuandika kitu. Dini yetu inatuamuru mkopo uandikwe na watu washuhudie, na baba alikuwa akiwafundisha wengine hilo hilo. Lakini kwa Masanja aliona karatasi itakuwa tusi. Mwanangu, mapenzi nayo yana upofu wake.

Haya yote sikuyajua siku ya mazishi. Niliyajua baada ya miezi, eda ya mama ilipokwisha. Masanja alingoja iishe kwa heshima, asije kumdai mjane akiwa ndani. Alikuja asubuhi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, baba," akaketi kwenye ukingo wa kiti. Akanieleza kama nilivyokueleza, taratibu, akiangalia sakafu.

Mirathi ilikuwa imeshapita. Mahakama ilitoa kibali, fedha za akaunti tukazigawana kwa mafungu ya sheria, kila mtu na haki yake. Hamisi, mdogo wangu, alinunua pikipiki. Dada yetu aliezeka nyumba. Mimi niliongeza bidhaa dukani. Tulishangaa kidogo kwamba baba alikuwa na akiba kubwa kuliko tulivyodhani, tukasema ni baraka.

Nikamuuliza, "Mzee, unaye shahidi?"

"Shahidi ni yule mliyemzika."

"Na kwa nini hukusema siku ile nilipouliza?"

Aligeuza kofia yake mikononi. Kisha akasema, "Kulia kwangu alisimama mtu anayenidai. Kushoto kwangu, mwingine. Ningejitokeza, wangesema Masanja amefumaniwa na pesa alizozificha kwa maiti. Na baba yako wangesema alikuwa mwizi mwenzangu. Nisingeweza kumfanyia vile, amelala pale."

Mama alisikia kutoka chumbani. Akatoka, akasema ni kweli, kila mwisho wa mwezi walirudi wawili kutoka benki naye akawapikia. Nikawaita ndugu zangu. Hamisi akamuuliza mama kama aliwahi kuona fedha zikihesabiwa. Mama akajibu, "Nilichoona ni kwamba walikuwa wanataniana. Mtu hataniani hivyo na mtu anayemdhulumu." Hamisi akasema utani si ushahidi. Dada akalia, akasema mabati hayawezi kung'olewa. Nami, Mungu anisamehe, nikaona busara ni kumwambia mzee wa watu asubiri tushauriane.

Nilikwenda kwa Maalimu Rajabu, aliyenisomesha Kurani chuoni nikiwa mtoto, nikitafuta fatwa ya kunilaza usingizi. Nikamweleza kwamba niliuliza hadharani kama dini inavyotaka, mtu akanyamaza, basi haki yake imeanguka au vipi? Alikuwa anashona kikapu chake kilichotoboka. Hakuinua macho.

"Ulimuuliza mbele ya wanaomdai," akasema. "Ungemuuliza wapi ili anyamaze zaidi?"

Akavuta uzi, akaendelea.

"Mwenye nguvu ukimwita kwa sauti kubwa huja. Muuza unga alikuja. Mnyonge huitwa kwa kufuatwa nyumbani kwake. Ulitimiza desturi, kijana, ukaacha amana. Na baba yako bado ananing'inia."

Sijapata kuchapwa viboko vikali kama maneno yale. Nilirudi, nikauza bidhaa nilizonunua kwa fungu langu, na mwaka ule wote nikawa naweka kando kidogo kidogo kufidia mafungu ya ndugu zangu, kwa sababu wao hawakutoa. Lakini ulimi hauna mfupa. Hamisi alikuwa ameshazungumza sokoni, habari ikawafikia wadai, wakaenda mahakamani kusema Masanja alikuwa akificha kipato chini ya jina la mtu mwingine. Akakosa mahali pa kuanzia kujitetea, maana fedha yenyewe hakuwa nayo. Mkandarasi akamwachisha kazi, hakutaka maneno. Masanja akarudi kwao Shinyanga kwa basi la asubuhi, mkewe akabaki na watoto kungoja mavuno.

Nilipotimiza kiasi nilikwenda kwa mke wa Masanja. Nilimkuta akipepeta mtama uani, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Nikajua kabla hajasema. Alikuwa amepata habari wiki iliyotangulia. Wamemzika huko huko kwao. Nikamwonyesha nilichobeba. Akakitazama kwa muda, akasema, "Peleka alikotaka kupeleka yeye." Hakunilaumu, wala hakunikaribisha ndani.

Nikazipeleka mahakamani, nikaeleza zilikotoka. Zikagawanywa. Mmoja wa wadai alinifuata nje akaniambia, "Kumbe alikuwa anasema kweli." Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akapanda baiskeli yake akaenda. Hayo ndiyo matanga aliyopata Masanja kwetu.

Nakuandikia haya sasa, mwanangu, kwa sababu mwaka huu alinijia Ansila, binti wa rafiki yangu wa Murukulazo. Duka lake la pembejeo lilikufa kwa madeni, naye akafilisishwa mahakamani. Akapata kazi ya kushona sare katika shule moja, na shule inalipa kwa benki. Kwenye simu hathubutu kupokea, pesa ikiingia inakatwa deni la mkopo wa simu kabla hajaiona. Akanipigia magoti, akaniambia, "Babu, naomba mshahara wangu upitie kwako. Wewe ni mtu wa swala, sina wasiwasi."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, watu wa swala nao hufa." Alidhani namkatalia, macho yakamjaa. Nikavaa kanzu, nikamwambia twende na karatasi zako zote za mahakama, usiiache hata moja.

Tulikwenda Ngara mjini. Kwenye dirisha la benki kijana mmoja aliona karatasi, akatukatalia papo hapo. Ansila akageuka aondoke, kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya kila mara. Nikamshika mkono. Nikaomba kumwona mkubwa wa pale, tukaambiwa tungoje, tukangoja mpaka adhuhuri ikanikuta nikaswali kwenye benchi. Mkubwa alipotuita alisoma karatasi kwa makini, akauliza mshahara unatoka wapi, akapiga simu mahali. Halafu akasema, "Mkopo hatutampa. Pa kuweka atapata."

Akaunti ikaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Ansila alishukuru. Mimi niliyarudia moyoni maneno yale, maana ni machache sana, na Masanja aliyangoja mpaka akafa hajaambiwa na mtu.

Basi mwanangu, lishike hili. Aliyefilisika ameanguka, hajafa. Bado anakula, bado anafanya kazi, na riziki aliyoandikiwa na Mola inamtafuta. Asikose mlango wa kuingilia. Usimfiche ndani ya jina lako hata kama unampenda, kwa sababu siku utakapoondoka utaondoka na jasho lake. Mfuate nyumbani, muulize kwa sauti ndogo, kisha ongozana naye mpaka dirishani, na mkikataliwa dirisha la kwanza msirudi nyumbani. Na wewe ukiwa ndiye uliyeanguka, usione haya kubeba karatasi zako mchana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wakidai, waonyeshe unachopata na unachokula. Anayekudai naye ameamriwa kumpa muhula mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Na kama umeshika cha mtu, hata senti, kiandike leo na umwite shahidi, mapenzi yenu yasiwe sababu ya kuacha.

Mungu akupe kazi ya halali na mahali pa amani pa kuiweka. Akulinde na deni linalokunyima usingizi, na likikupata akuletee mtu wa kutembea nawe. Amrehemu baba yangu, amrehemu na Masanja kwa njia anayoijua Yeye, na atujaalie sisi tuliobaki tusimwache mtu yeyote anyamaze kwa hofu mbele yetu. Amina.