Aliyekatazwa Kufungua Boneti

Mkwe wangu wanamwita Kimya. Mimi jina hilo silipendi, lakini mwenyewe analiitikia, basi. Ni mke wa marehemu mwanangu mkubwa, na kazi yake ni kuhamisha watu. Vitanda, makabati, magodoro, masufuria yaliyofungwa ndani ya shuka, vyote anavipakia kwenye pikapu, anavifunga kamba kwa mkono wake na kuvifikisha nyumba mpya bila kioo kupata ufa. Wateja wakimwona kwenye usukani wanachungulia nyuma kumtafuta dereva. Wachungulie mpaka shingo ziwaume.

Kazi alifundishwa na mumewe. Watu wa kazi hiyo wana desturi yao: gari likiwa jipya, kabla halijabeba mzigo wa kwanza, dereva analala chini yake na kuimwaga oili ya kiwandani mwenyewe, aione rangi yake. Gari ambalo dereva wake hajalifungua wanalicheka, wanaliita gari la kuazima. Pikapu hii ilipoingia uani kwangu mwanangu alikuwa ameshazikwa. Kimya alitandika gunia, akaingia chini peke yake, akatoka na oili hadi kwenye viwiko. Nilimletea maji anawe.

Pikapu ya kabla ya hii ilikufa giaboksi. Ilikaa uani msimu mzima wa mvua, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva, na Kimya akawa anasukuma makabati ya watu kwa mkokoteni. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba sijui gari likifa inakuwaje.

Sasa, waranti ya pikapu ilipokaribia kuisha, simu zikaanza. Wale waliotuuzia walitaka tununue waranti ya nyongeza. Kimya akiwa barabarani hapokei simu, kwa hiyo wao walipewa namba yangu. Asubuhi simu, mchana simu, niko bafuni na sabuni machoni, simu. Sauti tamu kama ya mtu aliyekuja kuposa. Nilikata mpaka kidole kikachoka.

Mwanangu mdogo ndiye aliyeniharibia. Huyo anafanya kazi ofisini, tunamwita Meneja, ingawa anachokisimamia huko ni feni tu. Akasema mwanamke na injini wapi na wapi, gari linataka ulinzi, na bila kumuuliza mtu akamwalika muuzaji nyumbani kwangu.

Akaja. Viatu vinang'aa, manukato yameingia kabla yake. Akaketi kwenye kiti changu, akafungua kompyuta na kuigeuzia upande wa Meneja. Gari limeandikwa jina la Kimya, na Kimya yupo pale pale kwenye stuli, lakini macho ya muuzaji yalimpita kama anavyopitwa mtu aliyeleta chai. Akamweleza Meneja habari za amani ya moyo. Akanigeukia na mimi: "Bibi, hii ni kwa ajili ya usingizi wako."

"Usingizi wangu ulikuwa mzima," nikamwambia, "mpaka ulipoanza kunipigia simu."

Lakini aliposema kwamba giaboksi ikifa wao ndio wataweka nyingine, nilianza kulegea. Niliuona ule mkokoteni.

Hapo Kimya akaanza kuuliza. Klachi imo? Haimo. Springi? Hazimo, vitu vinavyolika kwa kazi havimo. Akauliza mkanda wa feni ukikatika njiani afanyeje.

"Unaegesha, unatupigia, tunakuja kulivuta," akasema yule. "Usiguse kitu, dada. Boneti ni yetu. Ukifungua tu, waranti imekufa."

Na kitanda cha mteja kilicho nyuma? Mzigo, akajibu, si sehemu ya gari.

Kimya akaweka kikombe chini. "Mimi nimeshalifungua. Oili ya kiwandani niliimwaga mwenyewe, hapo uani. Na zote zilizofuata."

Meneja alifyonya. Akamuuliza shemeji yake kilichomwasha ulimi ni nini. Nikadhani muuzaji atafunga kompyuta yake aondoke. Wapi! Alitabasamu.

"Hilo tuliache. Weka sahihi tu, leo hakuna atakayeuliza."

"Na giaboksi ikifa?"

"Siku hiyo ndiyo wanakagua," akasema, bila hata haya.

Nikasimama. Magoti yangu hayasimami haraka siku hizi, lakini siku ile yalisimama.

"Yaani unamuuzia huyu binti yangu maiti, halafu siku ya shida ndiyo utamwonyesha kaburi? Ondoka kwenye kiti changu."

"Mama, huyu ni mgeni," Meneja akasema.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja tuugue."

Muuzaji akakusanya vitu vyake akatoka, manukato yakabaki. Meneja naye akavaa viatu, akamwambia Kimya kwamba siku gari likifa asimtafute.

"Likifa nitalifungua, shemeji," Kimya akamjibu. "Nikishindwa nitamwita fundi. Nikinunua ile yao nitakaa kando ya barabara na kabati la mtu, nikilitazama. Sinunui."

Mpaka leo sijapoa. Giaboksi inaweza kufa kesho na tukarudi kwenye mkokoteni, najua, na sitaki mtu aje kunipa pole mapema. Kinachonichoma ni lile tabasamu.

Asubuhi yake Kimya alikuwa uani anapima oili kama kawaida. Kile chuma cha kushikilia boneti kimelegea, kwa hiyo boneti huwa naishika mimi, kwa mikono miwili. Simu ikalia mfukoni mwangu. Nilishaijua namba kwa mlio. Nikaanza kuachia mkono mmoja, maana maneno ya kumpa huyo mtu nilikuwa nimeyapanga usiku kucha.

"Iache ilie, Mama," Kimya akasema, kichwa kikiwa ndani ya injini. "Ukiachia boneti, shingo yangu haina waranti."

Nikaiacha ilie.