Nafasi ya Sauti ya Juu

Siku ile uani kwa wifi yangu, huku mtaani Ngagara, tulikuwa watano. Mi, wifi mwenyewe, yaani mke wa kaka yangu, na wanamuziki watatu wa orkestra ya zamani: mpiga gita, ambaye ni jirani yetu tangu ujana; mpiga ngoma, Mkongomani aliyekimbia kutoka Uvira; na mwenye sauti ya chini, ambaye ni baba wa ubatizo wa mtoto wa kaka. Majina yao yote ninayo, hata ya utani, lakini nayaacha kinywani.

Kaka alikuwa sauti yao ya juu. Vita vilipoanza, alitoka asubuhi kwenda mtaa wa Kinama kumwona rafiki mgonjwa, hakurudi. Hatukuletewa mwili wala habari. Sasa wenzake, waliokuwa wametawanyika miaka mingi, walikuwa wamekutana tena, wanataka kutoa kaseti. Wimbo wa kaka ndio watu walikuwa wanauulizia. Walikuja kuomba ruhusa mwimbaji wa koro, mmoja wa waitikiaji wao, aimbe sehemu yake.

Wifi alikuwa anachambua maharagwe.

"Mukiweka mutu mahali pake, mumemuzika," akasema. "Mi sijamuzika bado."

"Shemeji, na sisi tunazeeka," mpiga ngoma akasema. "Angalia huyu. Gita yake iko na nyuzi nyingi kuliko meno yake."

"Meno yalikwisha nikingoja we ushike mapigo," mwenye gita akajibu.

Wifi akacheka kidogo, akarudi kwenye maharagwe.

Baba wa ubatizo akauliza polepole: "Basi tuimbe bila yeye?"

"Apana. Muimbe na yeye. Mumuachie njia."

Wakajaribu palepale. Jua lilikuwa limelegea, upepo wa ziwa unaingia uani. Walipofika pahali pa kaka wakanyamaza, gita ikatembea peke yake, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Ndivyo walivyorekodi.

Kaseti ilipotoka, kartie nzima, mtaa wetu wote, iliipiga. Pale palipoachwa patupu, watu wakajaza wenyewe: mama anayefua, mwalimu kwenye kiti chake mlangoni, kila mmoja na sauti aliyopewa na Mungu. Nilidhani wifi atakasirika. Alikuwa anasikiliza tu, kama mtu aliye chini ya maji.

Alasiri moja ya mvua tulikuwa ndani, mi na yeye. Gita ikaanza kutembea peke yake, nami nikasikia sauti ya juu karibu kabisa, nyembamba, haitetemeki. Ilikuwa ya wifi. Aliimba mpaka mwisho, akazima radio, akajifunga kitenge kizuri.

"Tuende kwa padri," akasema. "Tumuombee misa ya marehemu."

Baba wa ubatizo anabisha. Yeye anasema wifi aliimba baada ya misa, si kabla, na kwamba hakukuwa na mvua. Mi ninaiona ile mvua mpaka leo, na miguu yetu yenye matope mlangoni mwa kanisa. Nyinyi mliokuwa majirani zetu, kama nimechanganya, munisahihishe.