Solanji na Harusi ya Nasriya

Hapa Mutrah, Omani, walimwita Bi Solanji, na mpaka leo wapo wanaoshikilia kuwa alikuwa Mngazija mweupe. Si kweli. Alikuwa Mfaransa mtupu, kazaliwa kijiji cha pwani huko kwao, mama yake akifungua chaza na kuwauzia wenye mahoteli. Kiswahili alikipata Moroni, kisiwani Ngazija, alikokaa miaka miwili akipiga picha za senema. Alipofika kwetu mwaka 1970, nchi ndiyo kwanza imefunguliwa kwa wageni, hakutafuta mkalimani. Aliuliza sokoni, "Waliotoka Unguja wanakaa wapi?" Akaletwa kwa Harub.

Harub alikuja mwaka wa sitini na nne pamoja na binti yake Nasriya, ambaye mumewe alikufa kule kule Unguja. Sasa Nasriya alikuwa ameposwa na Suud, aliyekuwa akifanya kazi Kuwait. Kilichobaki ni Suud afike, wafunge ndoa Shaabani kabla ya Ramadhani kuingia. Hilo lishike, maana ndilo lililotutia sote kizunguzungu.

Lakini nimeruka. Nimueleze Solanji kwanza. Alianza kuigiza angali msichana, akaigiza mpaka akaona mvi ya kwanza. Kila senema yeye ni mke wa mtu, ama anaachwa ama anakufa. Wanawake wa nyumba ile walimkalisha mkekani, hawaishi kumuuliza.

"Umeolewa mara ngapi basi, mwanangu?" shangazi yake Nasriya alimuuliza.

"Kwenye senema? Kumi na moja."

"Na kweli kweli?"

"Hata mara moja."

"Masikini! Kumi na moja, na wote wamekupotea!"

Alicheka. Kuachwa hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba Kifaransa chake kilikuwa cha kijijini, basi wenye senema wakamtilia sauti ya mwanamke mwengine. Akienda kujitazama anauona mdomo wake unatoa maneno ya mtu. Na jina pia si lake. Akachoka. Akauza nyumba, akanunua mashine ya kupigia picha, akawa mtengeneza senema mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake na chaza zake, mama anaitwa kwa jina lake, anasema kwa sauti yake. Tangu hapo akajiwekea sharti: kwake hakuna jina la uongo.

Sasa alitaka senema ya watu waliorudi Omani, na ndani yake iwemo harusi. Nasriya awe bibi harusi, asikike tu nyuma ya mlango. Bwana harusi alimchagua Aflah, mwangalizi wa ghala la tende, ati uso wake unapokea mwanga vizuri. Nasriya aliona mchezo, akakubali. Harub akakubali kwa sababu binti kakubali.

Tukakaa barazani na vilemba vyetu. Mashahidi walikuwa Marhoon muuza kahawa, na mimi jirani yao. Harub akasimama mlangoni.

"Nasriya binti Harub, unaridhia nikuozeshe Aflah?"

Mwanamke aliyekwisha kuolewa, kunyamaza kwake hakutoshi, lazima atamke. Akatamka, wazi kabisa, "Nimeridhia." Harub akarudi, akamshika Aflah mkono, akamuozesha, mahari yakatajwa. Aflah akajibu, "Nimekubali." Solanji akasema kivuli kimepita, turudie. Tukarudia yote.

Ndipo Marhoon alipoweka kikombe chini.

"Jamani, mbona huyu ameshaoa?"

"Nani?"

"Aflah. Walii yupo, mahari yapo, mashahidi tupo, mwenyewe karidhia. Kimekosekana nini? Halua?"

"Ala! Si tulikuwa tunacheza?" Harub akasema.

"Ndoa haina mchezo, ami. Ndoa na talaka, mzaha wake ni kweli yake. Chuoni ulikuwa unasinzia?"

Solanji akaja mbio. "Lakini hii ni senema! Mimi nimeolewa kumi na moja!"

"Kwa jina lako?" Marhoon akamuuliza.

Solanji akaenda kuizima mashine.

Hapo kila mtu akapotea njia. Aflah hakujua aondoke au angoje chakula kama mkwe. Solanji alitaka kuichoma ile filamu, akaambiwa maneno hayarudi mdomoni kwa moto. Kutoka ndani Nasriya akapiga kelele, "Niambieni basi, mie mke wa nani? Suud yuko njiani!" Nami niliyeshuhudia, nlikuwa sijui nimeshuhudia nini.

Tukaenda kwa Sheikh Majid, sote na Aflah. Alisikiliza, akajizuia kucheka, kisha akaacha kujizuia. Halafu akasema, "Wanavyuoni wengi wanaihisabu ni ndoa. Mimi sithubutu kumuozesha Suud mwanamke mwenye shaka ya mume. Aflah atoe talaka moja, iishe. Hawajaingiliana, kwa hivyo hana eda. Lakini ni juu yake Aflah, akitaka."

Akitaka! Harub alimgeukia Aflah, jasho linamtoka. Na Aflah, bila hata kukohoa:

"Nimemuacha. Nasriya binti Harub nimemuacha, talaka moja. Haya, mimi ghala langu liko wazi."

Tulirudi tumefurahi. Harub akamwambia binti yake mlangoni, "Kakuacha, mwanangu. Huna kizuizi."

"Alisema nini?"

"Alisema nimemuacha."

"Hivyo hivyo? Hakufikiri?"

"Ulitaka afikiri?"

"Sikutaka anioe, baba. Lakini angevuta pumzi!"

Haki yake ya mahari akaisamehe, ila chakula hakukila. Shangazi akamuuliza kama alikuwa anampenda Aflah. Akasema hampendi, wala hajui analia nini. Solanji aliingia akakaa naye mpaka alasiri.

Suud akafika, akahadithiwa. Akamuuliza Harub, "Sasa mie naoa mjane au mtalaka?"

"Wote wawili," Harub akajibu. "Unataka au hutaki?"

"Nataka, ami. Nauliza tu nijue."

Shaabani tukakaa tena barazani, safari hii Sheikh Majid mbele yetu, na Solanji ndani na wanawake. Harub akasimama mlangoni, akauliza. Kimya. Akauliza tena. Kimya, mpaka Suud akanitazama mimi, kana kwamba mimi nnajua.

Shangazi ndiye aliyetuambia baadaye kilichokuwa kikiendelea. Nasriya alikuwa amemshika Solanji mkono, anamnong'oneza, "Hii ni kweli?"

"Mashine sinayo," Solanji akamwambia.

"Na mimi namtaka?"

"Hilo mimi sijui, mwanangu."

Nasriya akavuta pumzi, ndefu, kisha akasema, "Nimeridhia," kwa sauti iliyowafikia mpaka waliokuwa wakipita njiani.